Neno Lililomtia Editha Hatiani

Nyie mnaozunguka siku hizi na vishikwambi, mnagusa kioo kwa kidole kimoja na jibu limeshafika Ifakara kabla mwenye nyumba hajafunga mdomo, nawaona mkipita hapa barabarani na fulana zenu za mradi, nacheka peke yangu. Sisi tulibeba karatasi. Dodoso moja la maswali lilikuwa na kurasa kumi na nane, na mvua ya bonde hili mnaijua. Mimi madodoso yangu nilikuwa nayatia kwenye mfuko wa nailoni, nayafunga kwa khanga, nayabeba mgongoni. Kuna bibi mmoja kule Michenga alinifuata njia nzima akiniuliza, "We mama, huyo mwanao mbona hata kulia halii?"

Jina langu ni Leokadia, lakini ng'ambo yote ya mto, mpaka Lupiro, waliniita Mama Dodoso. Sikukasirika. Kazi yangu ilikuwa kuuliza, na nimeuliza mpaka magoti yalipokataa kupanda pikipiki. Nimewauliza watu wana vyandarua vingapi, wanachota maji wapi, nani alilala kitanda kipi. Mtu akiwauliza kudodosa ni kazi gani, mwambieni ni kuingia nyumba ya mwenzio bila kuitwa na kutoka bila kufukuzwa.

Ina ufundi wake. Usikae juu kuliko mwenyeji. Akikaa kwenye mkeka nawe kaa kwenye mkeka, hata kama sketi inabana. Karatasi isitoke kabla salamu hazijaisha, na salamu za huku haziishi upesi: utaulizwa za nyumbani, za watoto, za njiani, za mpunga. Omba maji ya kunywa hata kama huna kiu, maana mtu aliyekupa maji hawezi kukuona adui. Na msimu wa mpunga usiende kijijini, utahoji kuku. Watu wote wako shambani, wamehamia kwenye vibanda vyao mbugani, wanapika huko, wanalala huko, wanawinga ndege wasile mpunga kuanzia alfajiri mpaka jua lizame.

Haya aliyenifundisha ni msimamizi wetu, Mzee Kaspari, Mndamba mmoja wa bonde hili, mrefu, mpole, aliyeendesha pikipiki polepole mpaka bata wanatupita. Ukimwambia tumechelewa anasema, "Leokadia, anayejibiwa haraka hajauliza kitu." Nilikuwa kijana, nikidhani anatafuta kisingizio cha uvivu.

Sasa sikilizeni kosa langu. Sijawahi kuwaeleza, na nimeona nyie nanyi mmeanza kutafsiri maneno kwa simu, neno linabonyezwa, linatoka, mnaliamini. Ngoja niwaambie.

Kabla daraja halijajengwa, wakati bado tunavuka mto kwa pantoni, ulikuja mradi wa kuuliza habari za moyo. Si moyo wa kupima kwa mashine, la, moyo wenyewe: kinamama waliofiwa na watoto wanajisikiaje. Maswali yalikuja kwa Kiingereza. Tukawekwa kwenye chumba kimoja pale Ifakara, feni inazunguka, chai na maandazi mezani, tuyageuze yawe Kiswahili. Pamoja nasi alikuwepo daktari mgeni, mama mmoja Mwingereza, mtu mwema, anayesema "asante sana" hata kwa mlango.

Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, cha kuombea ruhusa ya kwenda msalani. Lakini kimbelembele ninacho cha kuzaliwa. Maneno ya mwanzo yalipita vizuri. Huzuni, haya. Hofu, haya. Likaja neno la upweke, Mzee Kaspari akauliza, "Bonde hili, na mbu wote hawa, mtu atapata wapi upweke?" Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha likaja neno *guilty*.

Yule daktari akaweka kiganja kifuani. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba ni pale mtu anapoona ndani yake kuwa amefanya kosa. Hajamaliza, mkono wangu uko juu.

"Hatia!" nikasema.

Kamusi ikafunguliwa. Kamusi ikaniunga mkono. Nikawatazama wenzangu kama mtu aliyeua nyoka. Mzee Kaspari akakuna kidevu. "Hatia si ile ya mahakamani?"

"Mzee, hicho ni Kiswahili sanifu," nikamjibu, na mdomo nikaupinda kidogo. Mungu anisamehe. Mzee wa watu akainamisha kichwa akaandika. Kwa hiyo kosa hili msimpe daktari, msiipe kamusi. Ni langu.

Baada ya wiki chache tukavuka mto. Sijui niwaelezeje asubuhi zile, nyie mnaopita juu ya daraja mkiwa mmeinamia simu. Ukungu ulikuwa unalala juu ya maji mpaka pantoni inaondoka huoni inakokwenda. Injini inanguruma mbali kama ya ndoto, watu hawasemi, baiskeli zimesimama zimeegemeana, na ghafla matete ya ng'ambo yanatokea mbele yako bila wewe kuhisi umesogea. Kisha mbuga yenyewe, maji kila upande, mbingu juu na mbingu chini, na vibanda vya wakulima viko katikati. Mara nyingi nilisahau mimi ni nani na nimetumwa nini. Nilijiona nimefika mahali ambapo hata waliokufa wangeweza kupita wakanisalimia.

Kibanda cha tatu siku ile kilikuwa cha Editha. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, kwao Mchombe, kaolewa ng'ambo ile na Salvatory. Walikuwa na binti wa miaka minne, Agnesi, na mtoto mdogo wa kiume, Deo, aliyekuwa amefariki mwezi mmoja kabla, palepale shambani, kwa homa. Mama mkwe, Bibi Yustina, alikuwa pembeni anapepeta mchele kwenye ungo. Hapo napo nilikosa. Mtu huhojiwa peke yake. Nami nilimwona bibi, nikasema moyoni, ah, mtu mzima, na masikio yatakuwa mazito.

Nikasoma swali kama lilivyoandikwa. "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekuwa na hatia? Hakuna hata siku moja, siku chache, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku?"

Ungo ukanyamaza.

Editha alitazama mikono yake. Alikuwa na mikono mikubwa, ya kazi. "Karibu kila siku," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Siku ile ya homa nilikuwa nawinga ndege."

Kwenye karatasi hapakuwa na kisanduku cha ndege. Nikazungushia duara jibu lake, nikafunua ukurasa. Jamani, nilifunua ukurasa! Mpaka leo nausikia ukifunuka.

Siku kumi baadaye tulirudi kijiji kile kumalizia kaya zilizobaki. Nilipopita karibu na kibanda chao nikamwona Salvatory ameketi anatengeneza jembe ambalo halijaharibika. Nikamsalimia, nikamuuliza mama Agnesi yuko wapi.

"Karudishwa kwao," akasema bila kuniangalia. "Si alikiri mbele yako?"

"Alikiri nini?"

"Mama kasikia kwa masikio yake. Ulimuuliza kama ana hatia ya mtoto, akasema anayo, kila siku. Na ukaandika. Mama anasema watu wa mradi wamepima wameona."

"Na Agnesi?"

"Kabaki. Mama anasema hawezi kuachiwa wa pili."

Mh! Bibi Yustina alitoka, akanisalimia kwa heshima zote, hata akanipa kiti, maana kwake mimi nilikuwa shahidi. Akaniambia kikao cha ukoo kitakaa wakishavuna, na mtoto hatatoka. Nikajaribu kueleza. "Bibi, hilo ni swali tu, tunawauliza wote." Akanijibu, "Mwanangu, imeandikwa." Mtu aliyesoma darasa la tatu akikuambia imeandikwa, utabishana naye vipi, hasa kama mwandishi ni wewe?

Siku hiyo pantoni ilikuwa imekwama upande wa pili. Foleni ndefu, saa saba mchana, jua limesimama. Nikaketi kwenye kivuli cha lori la mpunga, nikasinzia. Nikamwona mama yangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwetu Mahenge, ananiomba maji. Nami nina kalamu, namwambia, ngoja mama, nimalize ukurasa huu. Ananiomba tena, hana hasira hata kidogo. Ukurasa hauishi. Naandika, naandika, na maandishi yenyewe ni maji, yanatiririka mpaka miguuni kwake, wala hayanyweki.

Nikazindukana uso umelowa. Mzee Kaspari alikuwa kando yangu anamenya chungwa.

Lazima niwaambie jambo hili. Mama yangu alipougua, kaka yangu alinitumia ujumbe njoo. Mimi nikajibu nitakuja Jumamosi, nimalize dodoso la wiki. Mama akafariki Alhamisi. Wazee wote wa ukoo wetu walinikalisha, wakaniambia, Leokadia, huna kosa, kazi ni kazi, mama mwenyewe alisema usisumbuliwe. Padre naye akaniambia huna dhambi. Hakuna mtu hata mmoja, kwetu wala ugenini, aliyeninyooshea kidole. Na bado mama aliniomba maji kila niliposinzia.

Nikamsimulia Mzee Kaspari ndoto yote pale foleni, jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akanipa nusu ya chungwa.

"Sasa hiyo yako ni hatia?" akauliza.

"Hapana. Hatia mtu huwekewa na watu. Mimi watu wote wameniondolea. Najirudishia mwenyewe."

"Kwa Kiswahili cha mama yako hiyo inaitwaje?"

Nilijua. Mtoto yeyote analijua. "Moyo unanisuta," nikasema.

"Ehee."

"Mzee, ulikuwa unajua tangu siku ile ya maandazi?"

"Nilikuwa nalitafuta. Wewe ulinyoosha mkono haraka."

Sikuwahi kujisikia mdogo kama siku ile, na sikuwahi kumpenda yule mzee kama siku ile. Hivyo ndivyo nilivyolielewa neno la Kiingereza, watoto wangu, chini ya lori, na chungwa mkononi. Waingereza wametia vitu viwili kwenye neno moja: mtu aliyehukumiwa na watu, na mtu anayejihukumu. Sisi tumevitenganisha, na mimi kwa kimbelembele changu nikamtoa Editha kwenye chumba kimoja nikamsukumia kingine.

Jioni nilikwenda kwa yule daktari. Nilijua naweza kufukuzwa kazi. Nikamweleza kwa Kiswahili na Kiingereza kilichochanganyika. Mwisho nikasema kwa ulimi wangu, si kwa kusoma karatasi, "*I feel guilty.*" Akadhani nasema habari za Editha tu. Nikamwambia kwanza mama yangu, halafu Editha. Akavua miwani. Akasema swali lifutwe kwenye madodoso yote, na kwamba kosa hili tumelifanya sote tuliokuwa chumbani. Nikakataa, nikamwambia langu liache liwe langu.

Asubuhi Mzee Kaspari akaja na gari la mradi. Njiani akanipa sharti moja tu. "Majibu ya Editha ni ya Editha. Usiyaguse, usiyatetee, usiyafafanue. Nenda na kosa lako mwenyewe."

"Na kosa langu peke yake likiwa halitoshi?"

"Basi halitoshi. Lakini ndilo ulilonalo."

Tukawakuta wote wawili kibandani, Bibi Yustina na Salvatory, na Agnesi anachezea pumba. Nikaketi chini. Maji nikaomba, nikanywa. Kisha nikasema, "Bibi, nimekuja kuomba radhi. Swali lile mimi ndiye niliyeliandika, na nililiandika vibaya. Halikuwa linauliza nani ana kosa. Lilikuwa linauliza kama moyo wa mtu unamsuta."

"Asiyekosa atasutwa na nini?" akauliza Bibi Yustina. Swali zuri, na kwenye dodoso halikuwemo.

Nikamsimulia habari za mama yangu. Za Jumamosi na Alhamisi, za maji, za ukurasa usioisha. Nilisema polepole, nikaona aibu, nikalia mbele ya wakwe wa watu bila kupangusa. Nikasema, "Ningeulizwa mimi lile swali, bibi, ningejibu hivyohivyo. Na nikifukuzwa kwetu kwa jibu hilo, nitakuwa nimeonewa."

Ndege walikuwa wametua kwenye mpunga, wengi, na hakuna aliyeinuka kuwafukuza. Salvatory ndiye aliyesema kwanza, ameshika jembe lake. "Mimi nilikwenda kutazama njia ya zahanati. Maji yalikuwa kiunoni. Nikarudi nikasema tungoje kesho yapungue. Ningeweza kumbeba Deo mabegani. Mpaka leo nakwenda pale napima maji." Akaonyesha kiuno chake kwa kiganja. "Yalikuwa hapa tu."

Bibi Yustina alichukua ungo akauweka, akauchukua tena, akauweka. Nilidhani nimeshindwa. Mzee Kaspari alishaanza kunyanyuka, kwa adabu yake, tuage. Ndipo bibi akajifunga kitenge cha pili kiunoni, akamshika Agnesi mkono.

"Gari lenu lina nafasi?" akauliza. "Nipelekeni Mchombe."

Kutoka kule mpaka Mchombe wakati ule ilikuwa safari ya siku nzima: pantoni, Ifakara, kisha barabara ya Mlimba yenye mashimo ya kumeza gari. Bibi alikaa mbele, mtoto mapajani. Mimi nyuma nilikuwa nasali, si kwamba ni mtu wa sala sana. Niliogopa anakwenda kumsema mtoto wa watu mbele ya wazazi wake, na kwamba gari limetolewa na mimi. Mashamba ya mpunga yalipita dirishani, kijani, kijani, mpaka macho yakawa yanaelea. Mzee Kaspari aliendesha polepole kama kawaida, na safari hii nilishukuru.

Tukamkuta Editha uani kwa baba yake, anageuza mpunga ulioanikwa kwenye turubai. Alikuwa amekonda mpaka mabega yamesimama. Agnesi akachomoka akamrukia, naye akamdaka kwa mkono mmoja, na kwa adabu ya kulelewa akapiga magoti palepale juu ya mpunga.

"Shikamoo, mama."

Bibi Yustina hakuitikia.

Nyie mnajua huko kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni nini. Baba yake Editha aliyekuwa anatoka ndani alisimama mlangoni. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Editha alibaki ameinama, mtoto shingoni, anangoja.

Yule bibi akaanza kushuka. Magoti yalimpa shida, akashika bega langu, kisha akaliachia, akakaa chini kwenye mpunga, uso wake sawasawa na wa mkwewe.

"Homa ilipoanza," akasema, "wewe ulitaka mtoto apelekwe zahanati siku ileile, kabla maji hayajajaa. Nani alikuzuia?"

Editha akainamia mpunga.

"Sema."

"Siwezi kusema, mama."

"Mimi. Nilisema ni meno yanaota, acheni kelele, nimelea saba. Nilisema ni meno, Editha. Siku ile uliposema una hatia, nilishukuru. Nilishukuru kwamba umesema wewe." Machozi yakamtoka. "Nimekuja kukuambia hilo. Kurudi au kutorudi utaamua mwenyewe, na mtoto ni wako."

Mkono wa Editha ulikuwa unachezea punje za mpunga, unazikusanya, unazimwaga.

"Na mimi niliamini ni meno, mama," akasema. "Ningejua, nisingekwenda kwa ndege. Tuliamini wote." Akamsogelea akampangusa machozi kwa ncha ya khanga yake mwenyewe. "Pole, mama. Alikuwa mjukuu wako."

Bibi Yustina akamshika ule mkono, akaukumbatia kifuani kwake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."